Besi Isiyotaka Kuimba: Maswali Yenu Kuhusu Front by Front

Katika toleo lililopita tuliitaja Front by Front, albamu ya mwaka 1988 ya kundi la Front 242, kuwa mlango mzuri wa kuingilia muziki wa indastriali (muziki wa milio ya mashine na vyuma) unaochezeka. Kwa asiyelijua kundi hili: lilianzia Aarschot, Ubelgiji, mwaka 1981, likiwa na Daniel Bressanutti na Dirk Bergen. Mwaka uliofuata wakaja Patrick Codenys na mwimbaji Jean-Luc De Meyer, na mwaka 1983 akaingia Richard Jonckheere, anayejulikana zaidi kama Richard 23. Muziki wao waliuita EBM, yaani muziki wa kielektroniki wa mwili, na jina hilo likashika hadi likawa la aina nzima. Albamu yenyewe ilitolewa na kampuni za Red Rhino Europe huko Ulaya na Wax Trax! ya Chicago huko Marekani.

Barua zilizofuata zimetupa kazi nzuri. Tunazijibu hapa, nyingine kwa urefu, nyingine kwa kifupi.

Ndugu wahariri, nimeisikiliza albamu mliyoisifu mara mbili, mwanzo hadi mwisho. Kusema kweli sikuona kitu. Mdundo ni ule ule, hakuna panapopanda wala panaposhuka, na mwimbaji anasema zaidi ya kuimba. Kuna nini ambacho masikio yangu hayakipati? — Mgeni wa Mashine

Masikio yako hayana kosa, ndugu. Ulikuwa unangoja sauti tamu ya kuimbika ikushike mkono, na hapa sauti hiyo imewekwa kando kwa makusudi. Katika nyimbo nyingi tulizozizoea, mdundo ni sakafu na uimbaji ndio mgeni rasmi. Front 242 walipindua mpango huo: besi ndiyo inayosimulia, na mwimbaji ni chombo kimojawapo kati ya vyombo vingine. Ukilijua hilo, unaacha kuuliza wimbo unakwenda wapi, unaanza kuuliza nini kimeingia, nini kimetoka na nafasi gani imeachwa wazi. Raha ya albamu hii imo katika swali hilo la pili.

Jaribu zoezi hili. Chukua wimbo mmoja tu, Headhunter V3.0, uusikilize mara nne mfululizo. Mara ya kwanza fuata kiki (ngoma nzito ya chini) na sneya (ngoma kavu inayopasuka) peke yake, ukigonga meza kwa vidole. Usishughulike na kingine chochote hata kikikuvutia. Mara ya pili fuata besi, na uitamke kwa mdomo, silabi moja kwa kila noti. Hapo ndipo wengi wanaposhtuka, kwa sababu mdomo unagundua kwamba noti zilizodhaniwa ni nyingi na za kufanana zina mapengo, na mapengo hayo ndiyo yanayomsukuma mchezaji. Mara ya tatu sikiliza milio ya pembeni: vishindo, vyuma, vipande vya sauti. Angalia kila mmoja unatokea kushoto, kulia au katikati, na unakufa haraka kiasi gani. Mara ya nne ndipo umsikilize De Meyer. Utamkuta anaweka maneno yake kwenye mdundo kama fundi anayepigilia misumari, kwa sauti ya chini isiyo na mtikisiko.

Kisha chukua karatasi. Hesabu midundo minne kuwa mzunguko mmoja, na kila baada ya mizunguko minane chora mstari. Juu ya mstari andika kilichoingia, chini yake andika kilichotoka. Utaona kwamba kile ulichokiita "ule ule" kinabadilika kila mara, ila kinabadilika kwa kuongeza au kuondoa kitu kimoja tu. Marudio yana kazi yake hapo. Sikio likishakariri ukuta mweupe, doa dogo likitokea linaonekana kutoka mbali. Bila marudio yale, mabadiliko haya madogo yasingesikika kabisa.

Kuna makosa mawili yanayoharibu usikilizaji huu. La kwanza ni kuisikiliza albamu huku unasoma au unaongea na mtu. Muziki wenye mashairi marefu unaweza kukurudisha hata ukiukosa kidogo, lakini huu ukiukosa dakika mbili unabaki na kelele. La pili ni kusikiliza kwa sauti ndogo sana. Sikio la binadamu hupoteza hisia ya besi haraka kuliko ya sauti za katikati pale sauti inapopunguzwa, kwa hiyo ukipunguza mno unaitupa nguzo ya wimbo na kubakiza makelele ya juu. Kiwango cha desibeli 75 hadi 80 mahali unapokaa kinatosha. Programu ya kupimia sauti kwenye simu itakupa makadirio ya kufaa. Usiparamie juu zaidi kwa kudhani ndiyo njia ya kuuelewa muziki mzito. Kwa kipimo kinachotumika sana cha kulinda masikio kazini, desibeli 85 ni saa 8 kwa siku, na kila ukiongeza 3 muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na 100 ni dakika 15 tu.

Baada ya Headhunter, nenda Im Rhythmus Bleiben. Jina hilo ni la Kijerumani, maana yake kubaki ndani ya mdundo, na ni maelekezo mazuri kwa msikilizaji kuliko yetu yote. Halafu ndipo urudi mwanzo, Until Death (Us Do Part), uende kwa mpangilio.

Kwenye simu yangu besi haipo kabisa. Nikiunganisha na spika kubwa za sebuleni inakuwepo, lakini imevurugika, kama ngurumo isiyokatika. Je, ni rekodi mbovu? — Sikio Moja

Rekodi ni nzima. Una matatizo mawili tofauti, na kila moja lina dawa yake.

La simu ni la kimaumbile. Noti ya A1, ambayo iko katika eneo ambalo besi za muziki huu hupenda kukaa, ina mitetemo 55 kwa sekunde, yaani hezi 55. Spika ndogo ya simu huanza kuishiwa nguvu chini ya hezi mia kadhaa. Hata hivyo unaweza kuifuata noti yenyewe, kwa sababu besi za sinthesaiza (ala inayotengeneza sauti kwa umeme) zina mitetemo ya juu inayoandamana na ule wa msingi: 110, 165, 220 na kuendelea. Ubongo ukiisikia hiyo unajijazia msingi usiokuwepo. Kwa hiyo kwenye simu unapata umbo la besi bila uzito wake. Kwa zoezi la kuhesabu mapengo inatosha. Kwa kuuhisi mwili ukiitika haitoshi. Hedifoni za waya za bei ya kawaida zinazofunika sikio lote zitakusaidia kuliko spika ndogo ya kubeba, maana nyingi za spika hizo huongezwa besi ya bandia inayorefusha kila noti.

La sebuleni ni la chumba, na hapa inafaa tupige hesabu. Wimbo ukiwa na vipigo 120 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 500. Besi za EBM hugawa pigo hilo mara nne, kwa hiyo kila noti ina nafasi ya milisekunde 125. Sasa chukulia chumba chako kina mwangwi wa sauti za chini unaodumu milisekunde 400. Noti ya kwanza haijafa, ya pili, ya tatu na ya nne zimeshamwagwa juu yake. Yale mapengo tuliyoyasifu hapo juu yamejazwa na chumba, na ndiyo maana unasikia ngurumo. Muziki wenye besi ndefu, inayokaa, ungesamehe chumba hicho. Huu hausamehe.

Anza na lisilo na gharama. Toa spika kwenye kona, kwa sababu mahali kuta mbili na sakafu zinapokutana huzidisha besi kwa nguvu. Ziache angalau sentimita 40 kutoka ukuta wa nyuma, na zielekeze kwako ili wewe na spika mbili mfanye pembetatu ya pande sawa. Zima kitufe cha kukuza besi kwenye amplifaya. Wewe mwenyewe usikae ukiwa umeegemea ukuta, maana besi hujikusanya hapo. Sogea mbele hatua moja au mbili. Kisha weka vitu vizito na vinene chumbani: godoro lililosimamishwa kwenye kona ya nyuma, sofa kubwa, kabati lililojaa vitabu. Pazia jembamba na mazulia madogo yatapunguza mlio wa juu tu, na yakizidi chumba kitakuwa butu juu na bado kitanguruma chini. Spika zikiwa na tundu la kupumulia kwa nyuma, jaribu kuliziba kwa soksi iliyokunjwa. Besi itapungua kiasi lakini itakatika vizuri zaidi, na kwa albamu hii hiyo ni biashara ya faida.

Kujua kama umefaulu, rudia lile zoezi la kutamka besi kwa mdomo. Ukiweza kuhesabu noti ukiwa umesimama chumbani kama unavyozihesabu kwenye hedifoni, chumba kimekaa sawa.

Nimeona matoleo yenye nyimbo 9, 11 na zaidi. La kununua ni lipi? — Mkusanyaji

Santuri ya 1988 ina nyimbo 9, kuanzia Until Death (Us Do Part) hadi Terminal State. CD ya wakati huo iliongeza mbili kutoka singo: Welcome to Paradise V1.0 na Headhunter V1.0. Mwaka 1992 kampuni ya Epic iliitoa tena huko Marekani ikaongeza na nyimbo za EP (santuri fupi) ya Never Stop! ya 1989. Ushauri wetu: nunua lolote lililo zima, lakini mara ya kwanza simama baada ya Terminal State. Albamu ilipangwa iishie pale. Nyongeza ni nzuri, ila Headhunter ya pili ikifuata inakuvunjia umbo la kitu kizima.

Hizo V1.0 na V3.0, kwa njia, si mapambo. Kundi liliyapa matoleo ya nyimbo namba kama zinavyopewa programu za kompyuta, kwa maana ya kwamba wimbo si kitu kilichokamilika mara moja. Ni kazi inayoweza kufunguliwa tena na kurekebishwa.

Ukichukua santuri, jihadhari na nyimbo za mwisho za kila upande, yaani First In/First Out na Terminal State. Kwa mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, sindano iliyo ukingoni inapita takriban sentimita 50 za mfereji kwa sekunde. Ikifika karibu na katikati inapita kama 21 tu. Maelezo yale yale ya sauti yanabanwa kwenye urefu usiofika nusu, na herufi za "s" zinaanza kuchakaa. Panga pembe ya sindano kwa kipimo cha karatasi, weka uzito ule alioutaja mtengenezaji, si pungufu (kwa sindano nyingi za kawaida ni karibu gramu 2), na safisha ncha kwa brashi kavu kutoka nyuma kuja mbele. Watu wengi hupunguza uzito wakidhani wanaitunza santuri. Sindano nyepesi mno huruka ndani ya mfereji na kuukwangua zaidi.

Nina kompyuta na programu ya bure ya kutengenezea muziki. Nimejaribu kutengeneza besi ya namna hii kwa wiki nzima, inatoka nyororo, kama ya muziki wa kupumzikia. Nifanye nini? — Fundi Mwanafunzi

Dada au kaka fundi, besi yako huenda inadumu mrefu mno, ina mwangwi mwingi mno, na noti ni nyingi mno. Turudi mwanzo kabisa.

Weka mwendo vipigo 120 kwa dakika, gridi ya hatua 16 kwa mzunguko. Zima kabisa ile bembea inayochelewesha hatua za shufwa. EBM husimama wima. Kiki iwe hatua ya 1, 5, 9 na 13. Sneya 5 na 13. Haihati (matoazi madogo) fupi 3, 7, 11 na 15.

Kwa besi, fungua sinthesaiza yoyote ya kutoa milio kwa kupunguza, yaani yenye wimbi ghafi linalopita kwenye filta (kichujio cha sauti). Iweke itoe noti moja kwa wakati. Wimbi la kwanza liwe la msumeno, la pili la mraba, oktava ile ile, na hili la pili ulikengeushe senti 5 hadi 8 tu (senti mia ni nusu toni moja). Filta iwe ya kupitisha chini, yenye mteremko wa desibeli 24 kwa oktava, ianze kukata kwenye hezi 250 hivi, na rezonansi robo ya kiwango. Sasa kiini chenyewe: kidhibiti cha muda wa filta. Muda wa kuanza sifuri, muda wa kushuka milisekunde 150, kiwango cha kubaki sifuri, na kiipe nguvu ya kutosha kuifungua filta hadi hezi elfu mbili au tatu mwanzoni mwa kila noti. Kila noti ipasuke kisha ijifunge. Kidhibiti cha ujazo nacho kishuke kwa milisekunde 180, ukiachilia noti iishe mara moja.

Andika noti hizi: A1 kwenye hatua ya 1, 3 na 4, A2 kwenye 6, A1 kwenye 7, 9, 11 na 12, A2 kwenye 14, C2 kwenye 15, A1 kwenye 16. Urefu wa kila noti uwe nusu ya hatua. Hatua za 2, 5, 8, 10 na 13 zibaki tupu. Angalia kwamba 5 na 13 ndiko kiki na sneya zinapogonga pamoja, na besi imewapisha. Ndiyo maana huhitaji ule ujanja wa kuishusha besi kwa kompresa (kifaa kinachobana sauti kubwa) kila kiki inapopiga. Nafasi imetengwa na mwandishi mwenyewe. Ukijaza hatua zote 16 utapata mashine ya kusaga. Ukiacha tupu nyingi kuliko sita au saba, mwili hauna cha kushika.

Kisha tofautisha nguvu za noti. Zile za oktava ya juu zipe 110 kati ya 127, nyingine 80 hadi 95, na unganisha nguvu hiyo na ufunguzi wa filta, si ujazo peke yake. Hapo mashine itaanza kuzungumza.

Mwangwi kwenye besi: hakuna. Kabisa. Uweke kwenye sneya, na hata huko uukate. Chagua mwangwi wa sekunde 1.5 hadi 2, halafu weka geti linaloufunga baada ya milisekunde 200. Kwa mwendo wa 120, nusu ya pigo ni milisekunde 250, kwa hiyo mkia wa sneya utakuwa umekufa kabla ya haihati inayofuata. Sneya inasikika kubwa kama ukumbi, lakini ukumbi unatoweka ghafla. Ni sauti ya miaka ile ya themanini, na indastriali iliifanyia kazi kuliko muziki mwingine wowote kwa maoni yetu.

Ukitaka ule ukavu wa enzi hiyo, fahamu ulikotoka. Sampula (mashine ya kunasa milio na kuipiga kama ala) ya Emulator II ya mwaka 1984 ilihifadhi sauti kwa biti 8 (biti za kompyuta, si biti za studio) na sampuli karibu elfu 27.7 kwa sekunde. Hesabu yake inasema hakuna mlio unaozidi takriban kilohezi 13.8 unaoweza kupona humo. Kumbukumbu yake ya kawaida ilibeba sekunde kama 17 za sauti kwa jumla. Fundi aliyekuwa na sekunde 17 za kugawia vishindo, vyuma na sauti za watu hakuwa na anasa ya mkia mrefu. Alikata karibu na mfupa. Basi nawe kata hivyo: chukua mlio wa kugonga bomba au mlango wa chuma, ubakize milisekunde 300 za mwanzo, ushushe nusu toni 5 hadi 7, na uushushie ubora hadi biti 8 au 12 kwa programu ya kuharibu sauti. Ukishusha noti, mlio unapata ukubwa ambao chuma halisi hakikuwa nao.

Kosa la mwisho ambalo karibu kila mwanafunzi hulifanya ni kuongeza upotoshaji mkali wa sauti kila mahali ili "iwe indastriali". Ukikwaruza kila kitu, hakuna kinachosikika kimekwaruzwa. Kwaruza kitu kimoja, besi au sauti ya mwimbaji, na vingine viache safi. Front by Front ni albamu safi sana kwa namna yake; ukali wake umetokana na mpangilio.

Nguo za kijeshi, amri za kupigiwa kelele, mtu anawindwa. Nina wasiwasi kama ni muziki wa kumchezea mtu mwenye akili timamu. Wanatukuza nini hawa? — Mama wa Wawili

Swali la haki, mama, na limeulizwa tangu miaka ya themanini. Kundi limekana mara nyingi kuwa na itikadi ya kibabe, lakini jibu la kukuridhisha liko ndani ya nyimbo.

Chukua Headhunter. Kwa Kiingereza neno hilo ni mwinda vichwa, lakini pia ni jina la mtu anayetafutia makampuni wafanyakazi kwa kuwarubuni watoke walipo. Kiitikio kinahesabu hatua nne: kulenga shabaha, kuweka chambo, kutandaza wavu, kumkamata mtu. Hakuna damu hata tone. Kilichopo ni utaratibu, na baridi ya utaratibu huo ndiyo inayotisha. Aliyewahi kuvutwa na tangazo la kazi lenye ahadi nyingi atauelewa. Video yake, iliyoongozwa na Anton Corbijn kwa picha nyeusi na nyeupe, imejaa mayai. Ni vigumu kuitazama ukadhani unahubiriwa vita.

Welcome to Paradise inafanya jambo lile lile kwa njia nyingine. Wamechukua sauti za wahubiri wa televisheni wa Marekani, wakazikata na kuzirudiarudia juu ya mdundo. Hawakuongeza maoni yao. Marudio yenyewe yanaifanya ahadi ya mhubiri isikike kama tangazo la biashara, na msikilizaji anajiamulia.

Nguo na amri ni malighafi ya namna hiyo hiyo: wanakuonyesha lugha ya mamlaka, na jinsi mwili unavyoipenda hata pale akili inapokataa. Kwamba unahisi wasiwasi huku mguu unagonga sakafu ni sehemu ya kazi hii. Kwa watoto wadogo tusingeianza. Kwa kijana anayeweza kujadili matangazo na hotuba, ni nyenzo nzuri ya mazungumzo.

Mimi ni DJ. Nikichanganya nyimbo hizi na tekno ya sasa zinasikika nyembamba na zinateleza. Pia nimesikia nyimbo za EBM zikipigwa taratibu sana kwenye seti za Kibelgiji. Ni matoleo maalumu? — Mkono wa Kulia

Tuanze na hizo za taratibu. Katikati ya miaka ya themanini, madisko ya Ubelgiji yalianza kupiga santuri za mizunguko 45 kwa mwendo wa 33, huku kidhibiti cha kasi kikisukumwa juu kwa asilimia 8. Mfano unaotajwa kila mara ni Flesh ya A Split-Second, ya mwaka 1986. Hesabu yake: 33.3 gawanya kwa 45, zidisha kwa 1.08, unapata 0.8. Wimbo wa vipigo 130 unakuwa wa 104, na noti zote zinashuka karibu nusu toni 4. Besi inakuwa nene na sauti za watu zinakuwa za majitu. Mtindo wa New Beat ulizaliwa hapo. Kwenye programu ya DJ zima kufuli ya toni (ile inayozuia noti zisishuke kasi inapopungua), shusha kasi kwa asilimia 20, na utaipata sawasawa.

Kuhusu wembamba: nyimbo za 1988 hazikubanwa kwa kompresa kama za sasa. Kilele chake kinaweza kulingana na cha tekno mpya lakini wastani wake uko chini kwa desibeli kadhaa. Usiuongeze wimbo wa zamani hadi ukagonga taa nyekundu. Punguza huo mpya kwa desibeli 4 hadi 6 kabla ya kuanza kuchanganya, na wakati wa kuvuka toa besi ya mpya kabisa kabla ya kuingiza ya zamani. Besi mbili za hatua 16 haziwezi kuishi pamoja hata kwa mizunguko minane.

Kuteleza kunatokana na gridi, yaani mistari ya vipigo ambayo programu huichora juu ya wimbo. Mashine za wakati huo zilikwenda sawa, lakini kama faili yako imetoka kwenye santuri, kasi ya mtambo uliotumika kuinakili ilikuwa na upungufu wake. Pia ala nyingi ziliamrishwa kwa MIDI, lugha ya kuamrishia ala za kielektroniki, ambayo hutuma noti moja kwa takriban milisekunde 1. Noti kumi zilizopangiwa kupiga pamoja kwenye waya mmoja hutoka kwa kufuatana, na ya kumi inaweza kuchelewa karibu milisekunde 10. Programu ikisoma kishindo cha juu badala ya kiki, gridi yote inasogea. Weka alama ya kwanza kwenye kiki kwa mkono, kisha kagua katikati ya wimbo na mwishoni. Ukibadilisha mwendo kwa chini ya asilimia 3, acha kufuli ya toni ikiwa imezimwa, kwa sababu inalainisha ile ncha ya mwanzo wa kila noti ambayo ndiyo roho ya besi hii.

Kwa seti nzima, panga hivi: Alles ist gut ya DAF (1981), iliyotengenezwa na Conny Plank, kwa kufungulia, maana ina ngoma za mkono wa mtu na besi ya mashine zikivutana, halafu That Total Age ya Nitzer Ebb (1987), iliyo kavu kuliko zote, ndipo Front by Front. Ukiiweka Front by Front kwanza, DAF watasikika kama hawajamaliza kazi, na hilo si kweli hata kidogo.